Kisima, Shimo la Choo na Bustani ya Matete

Dini yetu imeyapa maji heshima kubwa. Mtoto wa Kiislamu, kabla hajajua kusoma vizuri, amekwisha fundishwa kutia udhu, na amekwisha ambiwa kwamba maji yakigeuka rangi au utamu au harufu kwa kuingiwa na najisi hayafai tena kwa tohara. Mtume wetu (S.A.W.) alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama, akaonya pia juu ya kujisaidia mahali watu wanapoteka maji, na njiani, na kivulini wanapopumzika. Makatazo haya twayajua sote. Hapana Mwislamu atakayesimama ukingoni mwa kisima cha jirani yake akayavunja mchana kweupe. Lakini twapenda kuuliza: ikiwa hatuyavunji juu ya kisima, tuna yakini gani kwamba hatuyavunji chini yake?

Swali hili lilitujia siku moja tulipokwenda kumzuru rafiki yetu katika mji mmoja wa pwani. Nyumba yake ni kama nyumba nyingi za kwetu: ua mdogo, mnazi mmoja, kisima upande huu, na upande wa pili, hatua chache tu, shimo la choo. Tulimkuta mama yake akichemsha maji ya kukorogea maziwa ya kopo ya mjukuu wake mchanga. Tukamwuliza, “Shikamoo, Bibi. Maji ya mtoto mwayatoa wapi?” Akajibu, “Marahaba, wanangu. Twayateka kisimani hapa hapa. Maji haya ni meupe kama machozi, ni matamu, na juu ya hayo twayachemsha. Mwataka nini tena?”

Siku ile hatukuwa na jibu la kumpa bibi yetu. Makala haya ndiyo jibu letu, ijapokuwa limechelewa.

KITU KISICHOONEKANA

Kila tunapokula samaki, nyama, maharagwe au kunde, twaingiza mwilini kitu kiitwacho naitrojeni. Mwili huchukua sehemu unayoihitaji, na iliyobaki huitoa nje, nyingi yake katika mkojo na kidogo katika choo kikubwa. Wataalamu waliopiga hesabu kwa kufuata vyakula vya nchi mbali mbali wamekisia kwamba mtu mmoja wa Uganda hutoa kilo 2 na nusu hivi za naitrojeni kwa mwaka. Tukichukua kipimo hicho, nyumba ya watu tisa hutoa karibu kilo 22 na nusu. Mkulima anayenunua gunia la kilo 50 la mbolea ya urea hupata humo kilo 23 za naitrojeni. Basi kila mwaka familia ya watu tisa huzika katika ua wake naitrojeni ya kiasi cha gunia zima la urea, tena karibu na kisima inachonywea.

Je, gunia hilo huenda wapi? Ndani ya shimo naitrojeni hugeuka kuwa amonia, ile yenye harufu kali inayotuchoma pua. Maji yakishapenya katika udongo wenye hewa, vijidudu vya ardhini huishika amonia hiyo na kuigeuza kuwa naitreti. Naitreti ni chumvi inayoyeyuka majini kabisa, wala udongo hauwezi kuizuia. Vijidudu vya maradhi, vikipita katika mchanga mwendo mrefu, vingi vyake hukwama na kufa. Naitreti hupita kama msafiri mwenye ruhusa. Na pale ambapo ardhi ni jiwe la matumbawe lenye nyufa, kama ilivyo mahali pengi pa pwani yetu, mwendo huo huwa mfupi zaidi, na hata vijidudu vya maradhi hupata njia.

Sasa ndugu msomaji, zingatia jambo hili. Naitreti haina rangi, haina harufu, wala kwa kiasi kinachoweza kumdhuru mtoto hutaionja katika maji. Alama tatu tulizofundishwa chuoni hazitaionyesha. Hapa yatupasa tutenganishe maswali mawili. Swali la kwanza ni la tohara: je, maji haya yafaa kwa udhu? Swali la pili ni la afya: je, maji haya yafaa kunywewa na mtoto mchanga? Maji yaweza kupata jibu zuri katika swali la kwanza na jibu baya katika la pili. Anayechukua jibu la tohara akalifanya kuwa jibu la afya huwa ameiulizia fiqhi swali ambalo si lake.

Na kuchemsha je? Kuchemsha ni jambo jema, nasi twamsihi kila mama asiache, kwa kuwa moto huua vijidudu vya maradhi. Lakini naitreti si mdudu hata ife. Maji yakichemka mvuke huondoka na naitreti hubaki sufuriani. Na kadiri maji yanavyopungua ndivyo inavyozidi kukolea. Kwa hiyo jibu la bibi yetu lilikuwa kweli kwa nusu yake, na nusu iliyobaki ndiyo yenye hatari.

Hatari yenyewe ilielezwa wazi mwaka 1945, pale daktari mmoja wa Marekani, Hunter Comly, alipoandika khabari za watoto wachanga wa mashambani katika jimbo la Iowa. Watoto hao walikuwa wakigeuka rangi ya samawati midomoni na mwilini. Comly alionyesha kwamba walikuwa wakinyweshwa maziwa yaliyochanganywa na maji ya visima vyenye naitreti nyingi. Katika tumbo la mtoto mchanga naitreti hugeuzwa kuwa naitriti, nayo ikiingia katika damu huizuia isichukue hewa ipasavyo. Mtoto huwa kama anayekosa pumzi ilhali anapumua. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya la Ulimwengu limeweka mpaka: lita moja ya maji ya kunywa isizidi miligramu 50 za naitreti. Walio katika hatari kubwa ni watoto wa miezi ya mwanzo wanaolishwa kwa chupa. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama yake peke yake hanyweshwi maji ya kisima, na kwa hiyo amesalimika na mlango huu. Nayo ni hikima nyingine katika kunyonyesha ambako dini yetu imekuhimiza.

KARO PEKE YAKE HALITOSHI

Wengi wetu twadhani kwamba mwenye kujenga karo zuri la saruji amekwisha maliza wajibu wake. Karo ni bora kuliko shimo tupu, hilo hatulikatai. Mazito huzama chini, mafuta huelea juu, na maji ya katikati hutoka yakiwa yamepungua uchafu. Lakini naitrojeni nyingi imeyeyuka katika maji hayo hayo ya katikati. Hutoka nayo karibu yote, ikaingia ardhini, na safari ya kwenda kisimani ikaendelea kama kwanza.

Ndipo linapokuja jambo tunalotaka kuwajulisha wasomaji wetu, nalo ni bustani ya matete, au kama wasemavyo wataalamu, ardhi oevu ya kujengwa. Sote tumeona vinamasi vya asili: maji ya mvua huingia upande mmoja yakiwa na tope, hupita polepole kati ya mizizi, na upande wa pili hutoka meupe. Mwenyezi Mungu ameijaalia kazi hii katika ardhi tangu zamani. Binadamu wameitazama, wakaiga.

Miongoni mwa wa mwanzo walioiga kwa elimu alikuwa bibi mmoja wa Ujerumani, Käthe Seidel, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya Max Planck katika mji wa Plön. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 alianza kujaribu mimea ya kinamasini katika maji machafu. Utaratibu wake ulikuwa wa vitalu kadhaa vilivyofuatana: maji hushuka kwanza katika vitalu vya kokoto na mchanga, kisha hupita katika vitalu vingine kwa mlalo. Baadaye Mjerumani mwingine, Reinhold Kickuth, akatengeneza kitalu kimoja cha mlalo chenye udongo, na mwaka 1974 bustani ya namna hiyo ikaanza kazi katika mji wa Othfresen. Utaratibu wa kitalu kimoja ulipendwa kwa kuwa ni mwepesi, ukaenea. Lakini watu walipoanza kupima naitrojeni, waliona kwamba wepesi huo una upungufu wake.

VYUMBA VIWILI

Ili kuufahamu upungufu huo, yafaa tujue kazi inavyofanyika. Naitrojeni haiondoki katika maji kwa mlango mmoja. Hupita vyumba viwili, na kila chumba kina masharti yake.

Katika chumba cha kwanza vijidudu huigeuza amonia kuwa naitreti. Kazi hii yataka hewa nyingi: kila gramu 1 ya naitrojeni iliyo katika amonia yahitaji kiasi cha gramu 4 na nusu za oksijeni. Katika chumba cha pili vijidudu vya aina nyingine huichukua naitreti, huvuta oksijeni iliyomo ndani yake, na kuiachia naitrojeni iende zake angani ikiwa hewa isiyodhuru. Tusiiogope hewa hiyo. Hewa tunayoivuta kila siku ni naitrojeni kwa sehemu 78 katika 100. Lakini vijidudu vya chumba cha pili havifanyi kazi hiyo palipo na hewa nyingi, kwa kuwa vikipata oksijeni ya bure haviigusi naitreti. Tena vyahitaji chakula, yaani ule uchafu wa vyakula na vinyesi uliomo katika maji.

Kitalu cha mlalo ni kile ambacho maji huingia upande mmoja, hupita chini ya kokoto, na hutoka upande wa pili. Humo maji yamejaa daima na hewa ni haba. Ni chumba cha pili kizuri, lakini ni chumba cha kwanza kibaya: amonia nyingi hupita bila ya kuguswa. Kitalu cha wima ni kile kinachomwagiwa maji juu yake mara chache kwa siku, kisha huachwa yakashuka mpaka chini. Kila maji yanaposhuka huvuta hewa nyuma yake. Hicho ni chumba cha kwanza kizuri, lakini naitreti inayotengenezwa humo hutoka kama ilivyo. Basi mwenye kujenga kimoja akaacha cha pili ni kama aliyefunga mlango mmoja wa nyumba akalala, na mlango wa nyuma u wazi.

Jambo hili limejaribiwa hapa kwetu, si Ulaya tu. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wataalamu walilinganisha vitalu vitatu vya mlalo vilivyopokea maji machafu yaliyokwisha safishwa kidogo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Kitalu kisichopandwa kitu kilipunguza amonia kwa sehemu 11 katika 100. Kilichopandwa matete kilipunguza sehemu 25, na kilichopandwa mmea mwingine wa kinamasini kilipunguza 23. Uchunguzi mwingine kutoka chuo hicho, uliochapishwa mwaka 2005, ulifuata njia ambazo naitrojeni huondokea katika kitalu cha mlalo. Ulionyesha kwamba karibu nusu yake iliondoka: sehemu 30 hivi katika 100 ziliruka angani kwa kazi ya vijidudu, sehemu 10 hivi zilichukuliwa na mimea, na zilizosalia zilizama chini.

Twapata hapo mafunzo matatu. Kwanza, mimea ina faida, kwa kuwa kitalu kilichopandwa kilishinda kile kitupu kwa zaidi ya mara mbili. Pili, faida ya mimea si katika kula kwake tu. Kazi kubwa hufanywa na vijidudu, na mizizi ni makao yao. Anayetarajia kwamba kukata matete tu kutamwondolea naitrojeni yote amejidanganya. Tatu, na hili ndilo kubwa, kitalu kimoja cha mlalo huacha nusu ya naitrojeni au zaidi katika maji. Maji yatatoka meupe, hayatanuka, na mwenye nyumba atafurahi kama alivyofurahi bibi yetu na kisima chake. Nayo bado yatakuwa na kile kisichoonekana.

Wenzetu wa Denmark waliliona jambo hili katika nyumba zao za mashambani. Walijenga kwanza vitalu vya mlalo, na vilipowashinda katika kuigeuza amonia waligeukia vitalu vya wima. Mwongozo wao wahesabu mita mraba 3.2 za kitalu cha wima kwa kila mtu. Tena huelekeza kwamba nusu ya maji yaliyokwisha pita kitaluni yaweza kurudishwa nyuma, mpaka katika karo. Kwa nini yarudishwe? Kwa sababu ndani ya karo hewa haipo na chakula cha vijidudu ni tele. Naitreti inayorudi huko hukuta chumba cha pili kimekwisha tengenezwa. Ni shauri la akili, wala halihitaji ujenzi mkubwa.

MWENYE NYUMBA AFANYE NINI?

Twajua kwamba msomaji atauliza hivi, naye ana haki. Sisi si mafundi, na kila anayekusudia kujenga hana budi kumwita mhandisi wa maji na kupata ruhusa ya serikali ya mahali pake. Lakini twaweza kumpa mambo ya kuyaulizia.

Kwanza, karo libaki. Bustani ya matete hulifuata karo, haishiki mahali pake. Mazito yakiingia kitaluni hukiziba, na maji huja juu.

Pili, kitalu kiwekewe sakafu isiyovuja, ya udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa au ya karatasi nene ya plastiki. Kisipowekewa, huwa ni shimo lile lile lililopambwa kwa majani.

Tatu, kina cha sentimita 60 mpaka 70 hivi chatosha. Kwa kitalu cha wima nafasi hupungua katika nchi za joto, kwa sababu vijidudu hufanya kazi upesi zaidi kuliko kwenye baridi. Hesabu ya mita mraba 1 mpaka 2 kwa mtu hutumika. Nyumba ya watu wanane itataka kiasi cha chumba kimoja kikubwa cha kulala.

Nne, mchanga na kokoto zioshwe, ziwe za kadiri moja. Wengi huharibu kazi hapa kwa kutaka vya rahisi.

Tano, katika kitalu cha mlalo maji yasionekane juu ya kokoto. Yakae chini yake kwa sentimita 5 au 10. Hivyo mbu hawapati pa kutagia, na watoto hawawezi kuyachezea.

Sita, palipo na mteremko, maji yaweza kumwagwa kwenye kitalu cha wima kwa vipindi bila ya pampu. Palipo tambarare pampu ndogo itahitajika, na atakayeitunza ajulikane tangu mwanzo.

Huenda mtu akauliza: naitrojeni ni mbolea, na mbolea ni mali, kwa nini tuirushe angani? Swali hili ni zuri. Mwenye shamba la kutosha, mbali na visima, ana kheri kuyapeleka maji yaliyosafishwa kwenye migomba na miti yake kuliko kupoteza neema hiyo. Lakini mwenye ua wa hatua ishirini hana migomba ya kula gunia zima la urea, na wakati wa masika, ambapo migomba haihitaji kumwagiwa, maji yote hushuka chini. Kila mtu aitazame ardhi yake, kisha achague.

Mwingine atauliza kama maji yanayotoka katika bustani hii yafaa kwa udhu. Baraza la Wanavyuoni Wakubwa wa Saudia liliamua mwaka 1978 kwamba maji machafu yaliyosafishwa kwa ukamilifu, mpaka yakarudi katika asili yake bila ya kubaki rangi wala utamu wala harufu ya najisi, hurudi kuwa tohara. Hata hivyo lilipendelea yasinywewe, kwa kuilinda afya. Lakini baraza lile lilizungumzia usafishaji uliokamilika. Bustani ya ua wetu hupunguza vijidudu vya maradhi, haivimalizi. Twashauri maji yake yawe ya miti tu, na masuala ya hukumu yapelekwe kwa mashekhe wetu.

HAKI YA JIRANI

Tumezungumza juu ya kokoto na mabomba, lakini jambo lenyewe ni la haki. Maji ya chini ya ardhi hayajui mipaka ya viwanja. Shimo langu laweza kuwa salama kwa kisima changu, kwa kuwa maji huelekea upande wa pili, na upande huo kuna kisima cha jirani, na kwa jirani kuna mtoto mchanga. Sheria yetu imekataza mtu kujidhuru na kumdhuru mwenziwe, wala haikusema kwamba dhara isiyoonekana imesamehewa. Zamani tulikuwa na udhuru wa kutojua. Leo elimu imetufikia, na udhuru huo umeondoka.

Bustani ya matete si ya nyumba moja tu. Madrasa yenye watoto mia, msikiti wenye vyoo na mahali pa kutilia udhu, mtaa wenye nyumba kumi zilizobanana, wote hao waweza kushirikiana katika bustani moja. Kuchanga kwa ajili ya maji ni katika sadaka ambazo wazee wetu walizipenda. Walichimba visima, wakaviwekea wakfu. Kukilinda kisima kilichokwisha chimbwa si jambo dogo kuliko kukichimba. Na nyinyi vijana mnaosoma sayansi skuli, hapa pana kazi inayowangoja: pimeni maji ya visima vya mitaa yenu, muwaeleze wazee kwa adabu mlichokiona.

Nasi tulirudi kwa bibi yetu. Hatukumwambia kwamba kisima alichochimba marehemu mumewe ni kibaya. Tungemvunja moyo bila ya haki. Tulimwambia, “Bibi, endelea kuchemsha. Lakini maji ya maziwa ya mtoto huyu yatoke kwingine palipopimwa, mpaka tutakapojua kisima hiki kina nini. Na shimo lile, tukae na mwanao tulizungumze.” Akanyamaza kidogo, akatazama shimo, akatazama kisima. Kisha akasema, “Miaka yote hii niliwakataza watoto wasitupe taka kisimani. Kumbe mlango ulikuwa chini.”

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuilinda neema ya maji, na kuwalinda kwayo watoto wetu na watoto wa majirani zetu. Amin.